Kivumishi cha Kiingereza "frame-off": maana yake, asili yake na kasoro za tafsiri zake za Kiswahili

0. Utangulizi

Katika mazoezi ya tafsiri tunayowapa wanafunzi wetu, kuna maneno madogo yanayozua ubishi mkubwa kuliko sentensi nzima. Mojawapo ni kivumishi ambatano cha Kiingereza "frame-off", ambacho hutangulia nomino "restoration" ili kutaja namna fulani ya kukarabati gari kuukuu. Katika zoezi moja lililohusu tangazo la kuuza gari, tulipokea tafsiri tatu: "ukarabati wa fremu-nje", "ukarabati bila fremu", na "ukarabati upya kabisa". Makala haya yanakusudia kuzihakiki tafsiri hizo tatu. Kabla ya hapo, tutaeleza kitu chenyewe kinachotajwa, kisha tutachambua muundo na asili ya neno, kwani haiwezekani kuhukumu tafsiri pasipo kujua kilichotafsiriwa.

Msomaji aweza kuuliza: idara ya Kiswahili ina haja gani na msamiati wa wapenzi wa magari ya kale huko Marekani? Tutajibu kwa kisa. Mjomba wetu mmoja alinunua hapa Lubumbashi jipu kuukuu aliloambiwa kuwa "limetengenezwa upya". Rangi iling'aa, viti vilikuwa vimevishwa ngozi mpya, taa hazikuwa na mkwaruzo. Majira ya mvua yalipofika, akiwa katika barabara ya Likasi, shasi ya jipu ilikatika mahali palipokuwa pamechomelewa zamani na kufichwa kwa rangi nyeusi. Mjomba alipokwenda kulalamika, muuzaji alimjibu kwa adabu: "Mzee, mimi sikukudanganya. Rangi tulipaka upya, viti tulivisha upya. Habari za shasi hukuniuliza." Tukilipima jibu hilo kwa mizani ya semantiki, yule bwana hakusema uongo. Neno "upya" ndilo lililompa njia ya kupita. Kiingereza cha mafundi kina neno ambalo lingemfungia njia hiyo. Swali letu ni hili: je, Kiswahili hakina?

1. Kitu chenyewe

Magari ya zamani, na hadi leo malori pamoja na magari mengi ya safari ngumu, yana sehemu mbili kubwa zinazoweza kutengana. Ya kwanza ni shasi, yaani mihimili ya chuma inayolala chini, iliyoungwa kwa vyuma vya kukingama, nayo hubeba injini, springi na magurudumu. Ya pili ni bodi, ambayo mafundi wa hapa kwetu, kwa kufuata Kifaransa, huiita karoseri: sakafu, milango, paa na mabati yote tunayoyaona kwa nje. Bodi huikalia shasi na kushikwa kwa bolti.

Ndivyo lilivyoundwa gari maarufu la Ford Model T, lililotengenezwa tangu mwaka 1908 hadi 1927, na idadi yake ikapita milioni 15. Katika kiwanda cha Highland Park, jimbo la Michigan, ambako mwaka 1913 kampuni hiyo ilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, bodi iliteremshwa juu ya shasi ambayo ilikwisha kupata injini na magurudumu yake. Kwa hiyo tendo la kuikalisha bodi juu ya shasi lilikuwa miongoni mwa matendo ya mwisho kiwandani.

Ukarabati unaoitwa "frame-off" huirudia njia hiyo hiyo kinyumenyume. Fundi hulegeza bolti, hukata mawasiliano ya nyaya na mabomba, huinua bodi kwa winchi na kuiweka kando. Shasi hubaki uchi. Hapo ndipo kutu inapokwanguliwa, nyufa zinapoonekana na kuchomelewa, mabomba ya breki na ya mafuta yanapobadilishwa, na chuma chote kinapopakwa rangi. Baada ya hayo gari huunganishwa tena kuanzia chini. Kinyume chake ni "frame-on", yaani ukarabati ambao bodi haikuondoka mahali pake. Kwa macho ya mpita njia, magari mawili yaliyotoka katika karakana hizo mbili yaweza kufanana kabisa. Tofauti iko pale mahali ambapo bodi na shasi zinagusana, mahali ambapo maji na matope hujificha na jicho halifiki.

2. Muundo na asili ya neno

Neno hili limeundwa na nomino "frame" na kipashio "off", vikiunganishwa kwa kistari. Muundo wa namna hii si mgeni katika Kiingereza: msomaji atakumbuka "hands-on", "hands-off" na "head-on". Nomino iliyomo ndani ya neno haichukui kibainishi, na neno zima hukaa mbele ya nomino linayoifafanua. Hizo ni dalili kwamba tuna neno moja hapa, wala si kirai kilichoandikwa kwa haraka.

Historia ya vipashio viwili hivyo ina mafunzo. "Frame" inatokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, "framian", kilichokuwa na maana ya kufaa, kusaidia au kusonga mbele. Baadaye kitenzi hicho kilikuja kutumika kwa kazi ya seremala anayechonga na kuandaa mbao za kujengea, na kutoka hapo ikapatikana nomino yenye maana ya kiunzi. Kwa hiyo neno hili lilikuwa la wajenzi wa nyumba kabla ya kuwa la watengenezaji wa magari. Neno lenyewe la "chassis", ambalo Kiingereza na Kiswahili vimelipata kutoka Kifaransa, lina ukoo mwingine: linahusiana na "châsse", ambalo asili yake ni "capsa" ya Kilatini, yaani sanduku. Lugha moja iliona mbao zilizochongwa, nyingine iliona sanduku, na leo zote mbili zinataja chuma kile kile.

Kuhusu "off", inafaa kukumbuka kwamba hapo kale halikuwa neno la pekee. "Of" na "off" vilikuwa kipashio kimoja, chenye maana ya kutoka au kuondoka mahali fulani. Mojawapo ilitamkwa kwa mkazo na nyingine bila mkazo, na tahajia ikazitenganisha kabisa katika karne za karibuni. Jambo hili litatusaidia katika sehemu inayofuata, kwa sababu "off" bado inabeba fikra ya uhusiano baina ya vitu viwili: kile kinachoondoka na kile kinachoachwa.

3. Kitendawili: ni kipi kilichoondolewa?

Mwanafunzi makini hukutana na kizuizi mapema. Katika kazi tuliyoieleza, kinachoinuliwa na kuwekwa kando ni bodi. Shasi hubaki chini. Mbona basi Kiingereza kinaiita kazi hiyo kwa jina la shasi, kana kwamba shasi ndiyo iliyoondolewa? Tena katika Kiingereza hicho hicho kuna neno "body-off", lenye maana ile ile. Maneno mawili ambayo kwa sura yanapingana yanataja tendo moja.

Tunaona njia mbili za kukifumbua kitendawili hiki. Njia ya kwanza inapitia umbo la tatu, "off-frame", ambalo nalo hutumika. Katika umbo hilo "off" ni kihusishi: bodi imetoka juu ya shasi. Ukichukua vipashio hivyo hivyo na kuvipanga kwa mfano wa "hands-off", unapata "frame-off", na maana ya kihusishi inabaki ingawa mpangilio umegeuka. Njia ya pili ni ya semantiki. Kutengana ni uhusiano wa pande mbili. Kitu A kikiachana na kitu B, basi B nacho kimeachana na A. Msemaji wa Kiingereza, kwa kuwa muundo wake una nafasi ya nomino moja tu, analazimika kuchagua upande wa kuutaja. Mwingine huchagua shasi, mwingine huchagua bodi, na wote wawili wamesema kweli.

Hapa Kiswahili kinaangaza zaidi kuliko Kiingereza. Sisi tunacho kiambishi cha kutendana, -an-, ambacho huzitaja pande zote mbili kwa pamoja: bodi na shasi zimetengana, zimeachana. Kitendawili cha Kiingereza kisingeweza hata kuzaliwa katika Kiswahili. Huu ni ushahidi wa kwanza kwamba anayelitafsiri neno hili hana sababu ya kuingia kazini kwa unyonge.

4. Neno linapopanuka

Si kila gari lina shasi ya kutenganishwa. Lancia Lambda ya mwaka 1922 na Citroën Traction Avant ya mwaka 1934 zilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuundwa kwa bodi inayojibeba yenyewe, na leo magari mengi madogo ni ya namna hiyo. Ford Mustang, iliyotokea mwaka 1964, nayo haina shasi ya pekee chini yake. Kwa gari kama hilo, "frame-off" ni jambo lisilowezekana, kwani hakuna cha kutenganishwa na kingine.

Wazungumzaji wa Kiingereza wamelikabili jambo hili kwa njia mbili. Walio waangalifu wameunda majina mengine. Kwa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo bodi yake imefungwa juu ya sakafu ya chuma, wanasema "pan-off". Kwa gari lenye bodi inayojibeba, wanataja "rotisserie", neno la Kifaransa la jikoni, kwa sababu bodi hutungwa katika mhimili na kuzungushwa kama nyama juu ya makaa ili fundi aufikie upande wa chini. Wengine husema "nut-and-bolt", kwa maana kwamba hakuna nati wala bolti iliyoachwa bila kuguswa. Wako pia wanaosema "ground-up", yaani kuanzia ardhini. Mtafsiri awe macho hapo, kwa sababu "ground" ni pia umbo la kitenzi cha kusaga, na asiyeuliza habari za kitu chenyewe ataweza kutuletea ukarabati uliosagwa.

Wasio waangalifu, kwa upande wao, hulitumia "frame-off" hata kwa gari lisilo na shasi, wakimaanisha tu kwamba kazi ilikuwa kubwa. Hapo neno limeanza kuchakaa. Lilikuwa likitaja tendo linaloweza kuthibitishwa: ama bodi iliinuliwa ama haikuinuliwa. Sasa linataja kiasi cha majivuno ya muuzaji. Linapofika mwisho wa njia hiyo, litakuwa sawa na "upya" ya yule bwana aliyemuuzia mjomba wetu jipu.

5. Uhakiki wa tafsiri tatu

Tafsiri ya kwanza, "ukarabati wa fremu-nje", imefuata vipashio vya Kiingereza kimoja kimoja. Kosa lake ni la muundo na la maana pia. Kiswahili hakiundi vivumishi kwa kubandika kielezi cha mahali nyuma ya nomino namna hii. Zaidi ya hayo, msomaji asiyejua Kiingereza atadhani kwamba fremu iko nje ya gari, au kwamba ukarabati umefanyiwa upande wa nje, na hiyo ni kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa. Neno "fremu" lenyewe humpeleka msomaji kwenye picha ukutani au mlango, wakati "shasi" linajulikana katika kila karakana.

Tafsiri ya pili, "ukarabati bila fremu", ni sahihi kisarufi lakini haina ukweli. Fremu ipo, tena ndiyo inayoshughulikiwa kuliko kitu chochote. Mwanafunzi ameichukua "off" kama alama ya kutokuwapo, ilhali tumeonyesha kwamba ni alama ya kutengana.

Tafsiri ya tatu, "ukarabati upya kabisa", ndiyo iliyopata alama nyingi kwa wenzetu kadhaa, na ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zaidi. Wenzetu wanasema kwamba inasomeka vizuri na inatoa wazo la jumla. Hatukatai. Lakini wazo la jumla ndilo hasa ambalo "frame-off" lilibuniwa ili kulikwepa. "Upya" ni kielezi kinachokubali kila daraja: kupaka rangi upya, kuezeka upya, kufundisha upya, kuchagua upya. Hakisemi kazi ilifika kina gani. Kuongeza "kabisa" hakuongezi kipimo. Kunaongeza sauti tu. Tafsiri nzuri ya neno la ufundi inapaswa kumwezesha mnunuzi kuuliza swali ambalo muuzaji atalijibu kwa ndiyo au hapana. Tafsiri hii inamwacha mjomba pale pale alipokuwa.

6. Pendekezo

Tunadhani tafsiri iliyo bora ipo ndani ya mofolojia ya Kiswahili yenyewe, katika kauli ya kutendua. Lugha za Kibantu zina kiambishi kinachopindua tendo: funga na fungua, kunja na kunjua, panga na pangua, ziba na zibua, ezeka na ezua. Katika Kiswahili cha Lubumbashi bado tunasikia l ya asili katika "fungula", ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha. Kauli hii haisemi tu kwamba kitu hakipo. Inasema kwamba tendo lililofanywa zamani linarudiwa kinyumenyume hadi mwanzo wake. Tukikumbuka kwamba "frame-off" ni kuirudia kinyumenyume kazi ya kiwanda, tutaona kwamba kile ambacho Kiingereza kinakieleza kwa neno ambatano, sisi tunacho katika silabi moja ya kitenzi.

Kwa maana finyu, ya kifundi, tunapendekeza "ukarabati wa kuvua bodi". Muundo wake ni wa kawaida: nomino, kiunganifu, kitenzi-jina, kama katika "maji ya kunywa" na "chumba cha kulala". Jozi ya vaa na vua inaeleweka na kila mtu, na muuzaji akiulizwa "Je, bodi ilivuliwa?" hana pa kujificha. Yapo yanayochekesha kidogo hapa, kwani "bodi" ni neno la Kiingereza lenye maana ya mwili, nasi tunauvua mwili kana kwamba ni nguo. Lakini fundi anayeitazama shasi kama mifupa hataona ajabu. Wako watakaosema kwamba jina hili linataja hatua moja tu na kuacha kazi nyingine zote. Tunawajibu kwamba ndivyo majina mengi yanavyofanya kazi. Tunasema "tiba ya kupasua", ingawa lengo la daktari si kupasua, kwa sababu hatua hiyo ndiyo inayotuambia ugonjwa ulifuatwa hadi wapi.

Kwa maana pana, pale ambapo hakuna shasi, au pale neno linapotumika kwa nyumba, kamusi au mpango wa masomo, tunapendekeza "kufumua na kusuka upya". Usemi huu si wa kwetu. Magazeti ya Tanzania huutumia yanapoandika habari za baraza la mawaziri au timu ya mpira. Asili yake iko nyumbani, katika kazi ya msusi. Mwanamke ambaye nywele zake zimechakaa ana njia mbili. Aweza kurudiwa mistari ya mbele tu, akapendeza kwa wiki moja. Aweza pia kukaa chini akafumuliwa kichwa chote, akachanwa, akaoshwa, ndipo asukwe. Hakuna anayezichanganya njia hizo mbili, wala msusi hadai malipo sawa. Faida ya usemi huu ni kwamba "upya" imebaki, lakini haisimami peke yake tena. Imetanguliwa na kitenzi cha kutendua kinachoidhamini.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "frame-off" ni jina la tendo linaloweza kuthibitishwa, kwamba kitendawili cha muundo wake kinatokana na uhusiano wa pande mbili ambao Kiingereza kinautaja kwa upande mmoja, na kwamba tafsiri tatu tulizozihakiki zimeshindwa kwa sababu mbalimbali, ya tatu ikiwa na madhara zaidi kwa kuwa inapendeza. Kiswahili kina zana za kutosha katika kauli zake za kutendua na kutendana.

Somo hili halihusu karakana peke yake. Mfumo wa LMD ulipoenezwa katika vyuo vikuu vya nchi yetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, kozi nyingi zilipewa majina mapya na hesabu mpya za krediti, na katika hati zake neno "upya" halikukosekana. Kila idara, na yetu ikiwamo, yafaa ijiulize kwa lugha ya fundi: je, bodi ilivuliwa, au rangi ilipakwa tu? Kozi ambayo mihtasari yake ni ile ile, mifano yake ni ile ile na maswali yake ya mtihani ni yale yale, imerudiwa mistari ya mbele.

Mjomba wetu sasa anatafuta gari jingine. Safari hii ametuomba tumwandikie katika karatasi maneno atakayomuuliza muuzaji. Tulimwandikia sentensi moja yenye kitenzi cha kutendua. Wenzetu walio na tafsiri iliyo bora zaidi tunawaomba watuletee kabla hajaenda sokoni.